Kwaya Inaimba Vizuri Lakini Haina Ushirika: Tafuta Chanzo Kabla ya Kutoa Dawa

Kwaya nyingi zina dawa mbili tu. Mambo yakiharibika, kiongozi anahubiri. Yakizidi kuharibika, anatoza faini. Nimekuwa katibu wa kwaya, kisha mwalimu wa kwaya, kwa miaka mingi, na dawa hizo zote mbili nimewahi kuwapa watu ambao ugonjwa wao ulikuwa mwingine kabisa. Baadhi yao hawakurudi, na mpaka leo inaniuma.

Mwongozo huu unakwenda dalili kwa dalili, kwa hiyo unaweza kuanzia pale panapokusumbua. Kanuni ninayoifuata ni moja: anza na vitu unavyoweza kuvishika, yaani ratiba, viti, orodha ya mahudhurio na daftari la fedha, kabla hujagusa mioyo ya watu. Sisemi kwamba mioyo haina neno. Nasema hivi: kasoro ya ratiba inarekebishwa kwa wiki moja, lakini ukimtuhumu mtu kwa kiburi asichokuwa nacho, itakuchukua mwaka kumrudisha, ukibahatika.

Dalili: Mazoezi yanaanza na nusu ya watu

Kila ninapoulizwa kuhusu kwaya, hili ndilo linalotajwa kwanza, na ndilo linalodanganya kuliko yote, maana watu wawili wanaweza kuchelewa siku moja kwa sababu zisizokaribiana hata kidogo.

Kwa wiki nne, andika tu. Usikemee wala usikumbushe mtu. Andika nani amefika saa ngapi, na anaimba sauti gani. Kisha kaa na karatasi yako uitazame vizuri.

Ukikuta wanaochelewa ni wachache na ni wale wale, sababu iko kwenye maisha yao: zamu ya kazi, mtoto mchanga, mgonjwa nyumbani, usafiri. Mwulize mmoja mmoja, pembeni, na umwulize kama mtu anayetaka kujua, si kama hakimu. Mara nyingi suluhisho ni dogo: aje nusu saa baadaye kwa ruhusa inayojulikana na wote, na mwenzake amfundishe kipande alichokikosa.

Ukikuta wote wanachelewa, viongozi wakiwemo, basi tatizo ni saa yenyewe. Ama haitekelezeki kwa maisha ya watu wenu, ama kila mtu ameshajifunza kwamba mazoezi ya saa 11 huanza saa 12. Yule aliyekuwa akifika saa 11 kamili na kukaa peke yake kwa miezi miwili naye ameshaacha. Huyo ndiye hasara yenu kubwa, na hakuna aliyeiandika. Anzeni kwa saa hata mkiwa watatu, na mfanye jambo la maana tangu dakika ya kwanza: fungueni wimbo mpya, si kurudia ule wa Jumapili iliyopita. Na tafadhali, msiyafanye maombi ya kufungua kuwa njia ya kuwasubiri watu. Mnayakosea maombi, na mnawakosea waliowahi.

Ukikuta wanaochelewa ni wa sauti moja, tuseme besi karibu wote, tazama jinsi unavyoendesha mazoezi. Mimi niliwahi kuweka saa mbele yangu jioni nzima. Mazoezi yalikuwa ya saa mbili. Besi waliimba dakika 25. Muda mwingine wote walikaa wakisikiliza sauti ya kwanza ikirudia mistari miwili ya beti la tatu. Nilikuwa nimewaita wavivu kwa mwaka mzima, kumbe walishapiga hesabu na kuona kwamba wakifika saa moja baadaye hawapotezi kitu. Tukagawana: nusu saa ya kwanza sauti ya kwanza na ya pili ndani, ya tatu na besi nje na mwalimu msaidizi, kisha wote pamoja. Ndani ya wiki tatu besi walikuwa wanafika kwa wakati, isipokuwa mmoja ambaye kweli alikuwa na zamu ya kazi.

Faini, kwa maoni yangu, haina nafasi katika lolote kati ya haya matatu. Mwenye zamu inamwadhibu kwa kuwa na kazi. Aliyechoshwa inampa bei ya kulipia uhuru wake.

Dalili: Wameimba pamoja miaka, lakini hawafahamiani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo penye mzizi wa mengi.

Kuna kipimo rahisi. Mpe kila mwanakwaya karatasi. Aandike majina ya watu watano wasio wa sauti yake, na mbele ya kila jina aandike jambo moja analolijua juu ya mtu huyo ambalo halihusu uimbaji. Karatasi hazikusanywi wala hazisomwi. Kila mtu anabaki na yake. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, kalamu nyingi zilisimama kwenye jina la pili.

Viongozi hushangaa, kwa sababu kwaya inaonekana kuwa na umoja kuliko kundi lolote kanisani. Inaonekana hivyo kwa sababu uimbaji una nguvu hiyo kweli. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha matokeo ya kufuatilia madarasa ya watu wazima kwa miezi 7. Mengine yalikuwa ya kuimba, mengine ya ufundi wa mikono, mengine ya uandishi. Waimbaji walizoeana mapema kuliko wengine wote. Lakini miezi 7 ilipotimia, madarasa yale mengine yalikuwa yameshawafikia. Mimi nalisoma jambo hilo hivi: anayefuma anaweza kuongea na jirani yake huku mikono inafanya kazi, lakini mwimbaji mdomo wake una shughuli. Wimbo unawakaribisha watu mlangoni haraka, kisha unawaacha hapo hapo mlangoni wasipopata nafasi ya kuzungumza.

Nikueleze lililonifundisha hili. Kulikuwa na mama mmoja wa sauti ya pili, kiti chake cha tatu kutoka dirishani, alikuwa amekikalia kwa miaka sita. Siku moja hakuja. Waliokuwa kulia na kushoto kwake wakasogea kidogo, pengo likazibika, wimbo ukaendelea. Wiki iliyofuata vivyo hivyo. Nilikuwa katibu wakati huo, na daftari la mahudhurio lilikuwa mkononi mwangu. Wiki ya saba ndipo nilipoona visanduku saba vitupu mbele ya jina lake, nikaenda. Alikuwa akimuuguza mume wake usiku na mchana. Hakunilaumu. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasema, "Mwanangu, nilikuwa naisikiliza simu."

Tangu siku hiyo tulikuwa na utaratibu mmoja mdogo: kiti cha asiyekuwepo hakizibwi wakati wa mazoezi. Kinabaki wazi mpaka mtu aseme mwenye nacho yuko wapi. Kama hakuna anayejua, mmoja anapewa kazi ya kupiga simu siku hiyo hiyo, na wiki inayofuata anatoa jibu. Wale wanaokipita kiti kile wanakiona. Orodha iliyofungwa ndani ya daftari haiwezi kufanya kazi hiyo.

Jambo la pili: wapange watu wawili wawili, kila mmoja kutoka sauti tofauti, na mbadilishe kila baada ya miezi miwili. Wapeni dakika 10 katikati ya mazoezi, si mwishoni, kwa sababu mwishoni wenye haraka huondoka na wanaobaki ni wale wale wanaofahamiana tayari. Msiwape swali la kujibu. Mwachieni kila mtu aseme wiki yake imekwendaje, kisha waombeane. Mwalimu mwenye haraka ataona dakika 10 zinaliwa. Nami niliona hivyo kwa mwezi mmoja. Baadaye nikagundua kwamba zile minong'ono nilizokuwa nazikemea wakati wa kufundisha zilikuwa zimepungua, kwa sababu watu walikuwa wamepewa mahali halali pa kuongea.

Dalili: Mmoja anawazidi wenzake kwa sauti

Neno linalokuja haraka ni kiburi. Lisimamishe kwanza.

Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake: mtu akizungukwa na kelele kiasi cha kutojisikia, hupaza sauti bila kujua. Waimbaji wa kwaya nao hupatwa na hali hiyo. Mmebanana, bega kwa bega, kinanda kiko nyuma yenu, spika imeelekezwa masikioni. Mmoja hajisikii, anapaza. Jirani yake naye sasa hajisikii, anapaza. Baada ya beti mbili kila mtu anapigana, na kila mtu anaamini aliyeanza ni mwenzake.

Kwa hiyo jaribu haya kwanza: ongeza nafasi kati ya mtu na mtu, kiasi cha mwili mmoja kupita kiubavu, punguza vyombo, mhamishe mhusika pembeni badala ya katikati. Sikiliza tena. Ikiwa hali ni ile ile, mwulize kwa upole kama masikio yake yako sawa, hasa akiwa mtu mzima wa makamo. Angalia pia kama wale walio karibu naye wanaijua sauti yao. Nimekutana na zaidi ya mmoja aliyekuwa akiimba kwa nguvu kwa sababu alibeba wenzake watatu wasiojua nota, naye aliamini anaisaidia kwaya. Na kweli alikuwa anaisaidia.

Zoezi linalonisaidia kuliko mahubiri yoyote juu ya kunyenyekea ni kupokezana pumzi. Chukua nota moja ndefu, hesabu 16 au zaidi, ambayo hakuna awezaye kuimaliza kwa pumzi moja. Kila mwimbaji akubaliane na jirani zake wa kulia na kushoto: wewe unavuta pumzi kwenye 5, mimi kwenye 8, yeye kwenye 11. Atakayevuta pumzi anapunguza sauti polepole, anatoka, anarudi polepole. Atakayebaki anashikilia. Ikifanyika vizuri, msikilizaji anasikia nota moja isiyokatika, kumbe kila mtu ametoka na kurudi. Haiwezekani kuimba hivyo bila kumsikiliza aliye kando yako. Yule mwenye sauti kubwa hugundua mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba akitoka yeye shimo linaonekana.

Dalili: Solo moja, manung'uniko kumi

Mara nyingi watu hawachukii kwamba fulani amepewa solo, yaani kipande cha kuimba peke yake. Wanachukia kutojua kwa nini. Mahali ambapo utaratibu haujulikani, kila mtu hujitungia wake: ni ndugu wa mwalimu, ni rafiki wa mwenyekiti, mimi sipendwi. Na akishaamini hivyo, kila linalotokea baadaye linakuwa ushahidi.

Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, kinaeleza jinsi waimbaji wa hekalu walivyopangwa: watu 288 waliofundishwa, zamu 24, na zamu hizo zilipatikana kwa kura, mdogo sawa na mkubwa, mwalimu sawa na mwanafunzi. Nimeipenda sura hiyo tangu nilipoanza kufundisha, kwa sababu haikuachia swali la nani atangulie lijibiwe na sura ya mtu. Sikwambii upige kura kwa kila solo, maana kuna wimbo unaotaka sauti ya aina fulani. Nakwambia kila mtu aujue utaratibu kabla ya kuuhitaji.

Sisi tulifanya hivi. Solo inatangazwa mapema. Anayetaka anajaribu mbele ya watu watatu, na mwalimu ni mmoja tu kati yao. Wanachaguliwa wawili, na wote wawili wanajifunza, wanapokezana ibada kwa ibada. Hivyo akiugua mmoja kwaya haitikisiki. Kisha, na hapa ndipo viongozi wengi wanapokwepa, mwalimu anamfuata kila ambaye hakuchaguliwa, ana kwa ana, anamwambia sababu halisi na cha kufanyia kazi. "Dada, nota zako za juu zinakwenda chini kidogo ukichoka. Njoo dakika 15 kabla ya mazoezi, tuzifanyie kazi." Sentensi mbili hizo zinazuia miezi mitatu ya kununa. Ukimwachia ajisomee jina lisilokuwepo kwenye karatasi ukutani, usishangae wiki inayofuata.

Ikiwa mwimbaji unayetaka kumpa ni ndugu yako, toka chumbani wakati wa kuamua. Hata kama ndiye bora.

Dalili: Kwaya ndani ya kwaya

Vijana upande mmoja, wazee upande mwingine. Waanzilishi hapa, wageni kule. Hili lenyewe si ugonjwa. Watu hukaa na wanaofanana nao popote pale. Ugonjwa unaanza pale habari zinapopita kwenye kundi moja tu.

Chunguza hivi: mara ya mwisho ratiba ilipobadilika, kila mmoja alijuaje, na siku gani? Kama vijana walijua Jumanne na wazee wakakuta mlango umefungwa Alhamisi, umeshakipata chanzo. Hakuna aliyewachukia wazee. Ujumbe ulitumwa kwenye simu, na watatu kati yao hawana simu ya kupokea ujumbe wa namna hiyo. Tangazo moja, siku moja, kwa mdomo na kwa maandishi, na jina la mtu mwenye jukumu la kuwafikia wasio na simu. Jambo dogo, lakini nimeona mgawanyiko wa miaka ukilegea kwa hilo peke yake.

Kwa lililobaki, wachanganyeni kwenye kazi, si kwenye viti. Mwanakwaya wa zamani anayejua nyimbo ambazo hazijaandikwa popote aimbe, na kijana mwenye kujua solfa, yaani nota za do-re-mi, aandike. Nimewatazama wawili wa namna hiyo wakibishana juu ya nota moja kwa jioni nzima. Wiki iliyofuata waliketi pamoja bila kupangwa na mtu.

Na neno kwa waanzilishi, kwa heshima yote: "Sisi ndio tulioianzisha kwaya hii" ni kweli, na tunawashukuru. Ila ikisemwa kila kwenye kikao, mgeni anasikia kwamba yeye yuko nyumbani kwa watu.

Dalili: Watu wanapotea kimya kimya, sababu ni "nimebanwa"

Chukua orodha ya walioacha mwaka huu. Iweke kando ya daftari la michango ya sare, safari na kurekodi. Linganisha majina.

Ukiona walioacha wengi ni wale ambao hawakumaliza mchango, usitafute zaidi. Hakuna mtu anayesema "nimeacha kumtumikia Mungu kwa sababu sina hela ya sare." Anasema amebanwa na kazi. Na kama majina ya wadaiwa husomwa mbele ya kwaya, acheni wiki hii hii. Aliyesomwa mara mbili hatasubiri ya tatu.

Mhazini asome mapato na matumizi kila mwezi, kwa maandishi, yakiwa na jumla na salio. Pesa zitolewe kwa saini za watu wawili. Awepo mlezi mmoja, mtu mwenye kutunza siri, ambaye asiye na uwezo anaweza kumweleza, na kwaya ikajaza pengo bila jina lake kutajwa. Kabla ya kuamua sare mpya, jiulizeni kwa dhati kama mtu maskini kuliko wote kati yenu ameulizwa.

Dalili: Kundi la WhatsApp limegeuka uwanja wa vita

Kundi liwe la taarifa na mahitaji ya maombi tu. Malalamiko juu ya mtu yapelekwe kwa mtu huyo, wawili peke yao kwanza, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza. Anayesimamia kundi aseme hivyo mara moja, aondoe ujumbe, ampigie simu aliyeuandika. Asimjibu kundini.

Dalili: Hakuna anayejua tunaimba kwa ajili ya nini

Utaitambua hivi: likikaribia tamasha au siku ya kurekodi, mazoezi yanajaa, likishapita, ukumbi ni mweupe kwa miezi miwili. Kiongozi anasema watu wamepoa kiroho. Huenda. Ila mara nyingi kilichotokea ni kwamba tukio lilikuwa ndilo kusudi, na kusudi limekwisha saa nne usiku siku ya tamasha.

Waulizeni wote swali hili, kwa maandishi na bila majina: kwaya hii ikifungwa kesho, nani ataumia? Majibu yakiwa mengi ni "sisi wenyewe," mna kikundi cha marafiki, na si vibaya, ila bado hamjawa na kazi. Majibu yakiwa matupu, mna shida kubwa zaidi. Nimepata pia karatasi moja iliyosema, "Baba yangu, maana Jumapili ndiyo siku pekee anayotoka nyumbani." Karatasi hiyo tuliijadili zaidi ya mpango kazi wetu wa mwaka mzima.

Hatua mbili zimenisaidia. Ya kwanza ni kusoma maneno ya wimbo kwa sauti, polepole, kabla hata nota hazijafundishwa, kisha kumwachia mwanakwaya mmoja aseme maneno hayo yanamgusa wapi. Kwaya nyingi zinaimba beti la nne kwa mwaka mzima bila kujua linasema nini, kwa sababu walilijifunza kama silabi za kubebea nota.

Ya pili ni kuimba mahali ambapo hakuna jukwaa. Hospitali, gereza, nyumba yenye msiba, mzee asiyeweza kutoka. Nendeni wachache, imbeni nyimbo mbili, kisha kaeni. Kukaa ndiyo sehemu yenyewe. Tulimtembelea mzee mmoja aliyekuwa mwanakwaya zamani, hajaamka kitandani kwa muda mrefu. Tulikuwa 11 katika chumba kidogo, wengine mlangoni. Tulipofika kwenye kiitikio midomo yake ikaanza kwenda, nami niliyekuwa karibu nikasikia: alikuwa anaimba besi. Tulipomaliza akatuita besi wetu wawili, akawaambia nota ya pili ya kiitikio tunaikosea. Akaiimba, kwa sauti ndogo sana. Tukatazama kitabu tulichokwenda nacho. Alikuwa sahihi, na sisi tulikuwa tumeikosea kwa miaka. Besi wale walirudi kwake Jumamosi iliyofuata, bila kutumwa, kwenda kumwimbia nota sahihi.

Dalili: Umejaribu yote, na bado

Basi lichunguze na hili: huenda chanzo ni wewe unayeongoza.

Dalili zake ni mbili. Ukiingia, mazungumzo yanakatika. Na maswali yote yanakufikia kupitia kwa katibu, hata swali la ukurasa. Kiongozi hufurahia kimya hicho akidhani ni nidhamu. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Weka simu yako irekodi mazoezi mazima, kisha sikiliza peke yako nyumbani, na kalamu mkononi. Usisikilize uimbaji. Jisikilize wewe. Hesabu mara ulizotaja jina la mtu, na uandike ulilitaja kwa jambo gani.

Mimi nilitaja majina mara 14 katika saa mbili. Zote 14 nilikuwa nakosoa. Mmoja wao, kijana wa sauti ya tatu, jina lake nilikuwa nimelitaja mara tano, na ukimsikiliza kwenye rekodi unasikia sauti yake ikipungua kila mara, hadi mwisho hasikiki tena.

Mazoezi yaliyofuata niliwasomea hesabu ile, nikawaomba radhi wote, na yeye nikamwomba radhi kwa jina lake. Kisha nikamwomba mzee mmoja wa besi, mtu wa maneno machache, akae mbele, na kila nitakapotaja jina la mtu kwa kosa tu, ainue kalamu bila kusema lolote. Siku ya kwanza aliiinua mara 9. Wiki iliyofuata, mara 4.